Mrushaji wa Hjulsta

Mpira wa besiboli wa Firmin ulianza kudanganya mwezi wa nne, theluji ikiwa bado imejikunyata pembezoni mwa uwanja. Machoni pa wengine ulikuwa ule ule: unamtoka mkononi, unakata hewa, glavu ya mdakaji inalia pa! Vijana wa klabu wanashangilia. Lakini Zachariah, kocha wake, aliyesimama nyuma ya wavu mikono mfukoni, aliuona ukichoka njiani. Ulifika, ndiyo, ila ulifika kama mgeni aliyekuja kwa miguu huku akisema ameletwa na gari.

Zachariah alikuwa na macho ya kuona hayo. Alitoka Kenya akiwa kijana mrusha mkuki, chuo kimoja kidogo cha Amerika kikampa nafasi ya kusoma kwa ajili ya mkuki huo. Bega lilipomgomea, watu wa besiboli wa pale wakamwambia, njoo ukae na hawa vijana wetu wanaorusha mpira, utuambie unaona nini. Akakaa. Akawa kocha wa warushaji. Kule hiyo ni kazi yenye mtu wake, maana katika mchezo ule mrushaji husimama peke yake juu ya kichuguu katikati ya uwanja, na mkono wake ukilala, timu nzima imelala. Vijana walipita mbele yake miaka nenda miaka rudi, na wote walimdanganya. Mrushaji haumwi kamwe, mpaka asubuhi anaposhindwa kuinua mswaki. Ukimuuliza anacheka. Kwa hiyo Zachariah alijifunza kutouliza, akajifunza kushuku.

Kisha mkubwa wa timu akabadilishwa, mpya akaja na watu wake, na Zachariah akafungishwa virago. Mkewe Milcah alikuwa amepata kazi Stockholm, wakahamia. Sasa aliendesha mashine ya kunyanyua mizigo katika ghala moja Jordbro, na jioni alifundisha kurusha katika klabu ambayo hata majirani wa uwanja hawakujua wanacheza nini.

Mpaka simu ilipolia. Mtu aliyefanya naye kazi chuoni ndiye sasa mkubwa wa timu.

"Kiti chako kiko wazi," alisema. "Na yule kijana wa kwenye video uliyonitumia, mlete. Mwezi wa tano namtuma mtu amwangalie. Akimpenda, mnakuja wawili."

Hakusema itakuwaje asipompenda. Hakukuwa na haja.

Tangu siku hiyo Zachariah hakumwondolea Firmin macho. Kijana mwenyewe ana miaka kumi na tisa, mrefu, mcheshi, Mkongo aliyelelewa na bibi yake Hjulsta, mtaa wa Stockholm. Zamani alikuwa akichelewa mazoezini. Sasa anafika wa kwanza, na Zachariah akitokea anamkuta amekwisha kupasha mwili moto, jasho linamtoka. Kwa nini hataki kuonekana akianza? Halafu ananukia dawa ya kuchua.

"Mafua, Kocha."

"Mwezi wa tano?"

"Mafua ya Uswidi hayana kalenda."

Akacheka. Zachariah naye akacheka, moyoni akisema, huyu ananificha kitu.

Alhamisi moja alikwenda kumchukua Milcah Kista. Ndani ya jengo la maduka pale akamwona Papy, mjomba wake Firmin, anakunywa kahawa na Mzungu mmoja mpana wa mabega, aliyevaa jaketi la michezo. Walikuwa wameinamiana. Papy akaonyesha kwa mkono jinsi mtu anavyorusha. Yule Mzungu akatikisa kichwa, akasema neno, Papy akagonga meza. Zachariah akajificha nyuma ya nguo zilizotundikwa.

"Unamchungulia nani?" Milcah akamuuliza mgongoni, nusura aanguke.

"Wananizunguka. Wamempata kocha mwingine. Kijana anarusha kwingine kwa siri, ndiyo maana mpira wake umechoka."

"Au amechoka tu."

"Huwajui warushaji."

"Nakujua wewe. Ukishapata harufu ya Amerika, kila mtu ni mwizi."

Siku mbili kabla ya mgeni kufika, Zachariah akaenda Hjulsta, eti kusalimia. Mama Kahindo, bibi yake Firmin, alifungua mlango, akamtazama kuanzia viatu kwenda juu, kisha ndipo akasogea.

"Karibu, papa. Kaa." Papy alikuwa amejinyoosha kwenye kochi, akainua mkono nusu. Mama Kahindo akaketi kwenye kiti chenye mgongo wima, akakunja kitenge. "Nitakuuliza kwa mafumbo, maana ukimuuliza mtu mzima waziwazi anasema huna adabu. Kitendawili."

"Tega."

"Ng'ombe mmoja, wapenzi watatu. Mmoja anamchunga, mmoja anamkamua, mmoja ananoa kisu. Wote wanampapasa mgongo, wote wanamwita kwa jina. Nani ni nani?"

Papy akacheka. "Mama, unamwogopesha mgeni."

"Kama hana kisu, anaogopa nini?"

Zachariah akajikuna shingo. "Nimeshindwa, Mama. Nakupa mji."

"Mji gani? Stockholm? Wenyewe wamenipa vyumba viwili na jiko, vinanitosha. Sitaki mji, nataka jibu. Huyu mtoto nilimbeba mgongoni kutoka Butembo mpaka Kampala. Leo naambiwa Amerika, chuo, chakula, kitanda, vyote bure. Bure ya nini?"

"Ya mkono wake, Mama."

"Na mkono ukiisha?"

Zachariah akageukia mlango wa jikoni, vikombe vilikuwa vikigongana huko.

Firmin akatoka jikoni na chai. Alikishika kikombe kwa mkono wa kushoto, wa kulia umezama mfukoni mwa jaketi, akamnyooshea Zachariah.

"We!" Mama Kahindo akapiga goti kofi. "Tangu lini? Mgeni anapewa kikombe kwa kushoto? Nilikulea porini?"

"Pardon, koko," akamwomba bibi yake radhi.

Kocha wa Kiswidi angepokea chai akashukuru. Zachariah hakupokea. Nyumba kama hii aliijua, hata kwao ndivyo: mtoto aliyelelewa na bibi namna hii anaweza kusahau jina lake, lakini hasahau mkono wa kumpa mgeni. Firmin akahamisha kikombe. Mkono wa kulia ukatoka mfukoni umepinda, ukaja mpaka katikati, ukakwama hapo. Chai ikamwagika kwenye kisahani. Kijana bado anatabasamu.

"Nyoosha mkono," Zachariah akasema.

"Nimenyoosha, Kocha."

"Hapo hujanyoosha. Kidole cha mwisho unakisikia?" Kwa warushaji aliowajua, kiwiko kikianza kuharibika, ganzi ilianzia kidole hicho.

"Nakisikia vizuri sana. Mbona unaniuliza kama polisi?"

Alipokuwa akisema hayo, uso kwa Zachariah, meno nje, Mama Kahindo alikuwa ameinuka kimya. Akakishika kile kidole kidogo, akakibana kwa kucha, kama mtu anayevunja chawa. Akabana tena kwa nguvu zake zote. Firmin akaendelea kutabasamu. Hakugeuka hata kumtazama.

Bibi akakiachia kidole, akakaa chini polepole.

"Papy," akasema. "Wewe ulijua."

"Mama, ni uchovu tu wa..."

"Yule mtu wa Kista ni nani?" Zachariah akaingilia.

Papy akaketi sawasawa. "Ulinipeleleza? Haya. Ni mtu wa kukanda misuli, fundi mzuri. Anasema apumzike, aende hospitali. Apumzike! Amerika inakuja Jumamosi, mtu apumzike?" Akamnyooshea Zachariah kidole. "Nawe usijifanye mtakatifu. Mama, muulize yeye anapata nini."

Mama Kahindo akageuka.

"Kazi yangu ya zamani," Zachariah akasema. "Wakimchukua, wananichukua na mimi. Bila yeye, sidhani."

"Kwa hiyo unataka arushe."

"Nilitaka. Akirusha hivi atauharibu mkono."

"Au umekwisha kupata mwingine, wa kwangu unamtupa." Alisema bila hasira, kama anayechambua mchele. "Papy ananidanganya, naye ni damu yangu. Wewe nikuamini kwa lipi?"

Zachariah akachukua kikombe, akanywa chai ikiwa imepoa, akaaga.

Jumamosi mgeni wa Amerika akaja na kofia mpya na kile kidude cha kupimia kasi ya mpira. Zachariah alikuwa ameacha kumpanga Firmin, lakini geti likafunguka, Papy akaingia naye, kijana amevaa sare, akapanda moja kwa moja kwenye kichuguu. Mgeni akakaa nyuma ya wavu, akainua kidude chake.

Hapo Zachariah alikuwa na nafasi ya kunyamaza, na hakuna ambaye angemlaumu. Mkono ule ungeweza kuvumilia alasiri moja. Alijua hivyo kuliko mtu yeyote pale uwanjani, na hicho ndicho kilichomtesa. Alasiri moja tu, nao wangekwenda wawili. Ukivunjika, uvunjikie huko, wana madaktari.

Akatoka akatembea hadi kwenye kichuguu, akanyoosha kiganja.

"Nipe mpira."

"Umepata mwingine, siyo?" Firmin akamnong'oneza. "Papy alisema."

"Sina mwingine. Sina na sitakuwa naye."

"Basi niache nirushe! Ni leo tu, Kocha. Wewe mwenyewe unataka, nakuona."

"Nataka," Zachariah akasema. "Nipe mpira."

Firmin akaukumbatia kifuani. Mdakaji akasimama. Kule pembeni mtu alikuwa akipiga kelele kwa Kiswidi kwamba haruhusiwi, mama, haruhusiwi, na Mama Kahindo alikuwa akija katikati ya uwanja amevaa koti la baridi juu ya kitenge, haharakishi wala hapunguzi mwendo. Alifika, akawatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine.

"Mpe," akasema.

Firmin akaudondosha mpira kiganjani mwa Zachariah, akafunika uso kwa kofia.

Mgeni akakishusha kidude chake. Alipopita karibu na wavu alimuuliza Zachariah kwa Kiingereza kama ana mrushaji mwingine wa kumwonyesha. Zachariah akasema hana. Mgeni akampa mkono kwa adabu, akasema atafikisha salamu chuoni, na Zachariah akaelewa kwamba ni salamu tu zitakazofika.

Aligeuka akamkuta Mama Kahindo amesimama pale pale.

"Usidhani nimekuamini," bibi akasema. "Jumatatu tunakwenda kwa daktari. Nawe utakuja. Nataka nikuone uso wakati anasema."

"Jumatatu nina kazi Jordbro, Mama."

"Omba ruhusa. Papy naye anakuja. Nitakaa katikati yenu."

"Nitakuja."

"Tutaona." Akamvuta Firmin karibu, akaanza kumfunga vifungo vya jaketi kimoja kimoja, kuanzia chini, macho yake bado yako kwa Zachariah.