Fundo kwenye Mkia wa Mama Kengele

Mama Kengele alikuwa kipokezi, na kazi yake ilikuwa ya dirishani. Dirisha lenyewe lilikuwa kwenye ukuta wa seli moja ya neva, mgongoni mwa fundi cherehani aliyevunjika paja. Mwili wa Mama Kengele ulikuwa umefumwa ukutani mara saba, nje ndani, nje ndani, kama uzi wa pindo. Kichwa kinachungulia nje, mkia unaning'inia ndani. Mgeni wa kutuliza akija kumkalia mapajani, yeye huvuta kamba. Huko ndani makarani hushusha mapazia, na habari za maumivu hazipandi tena kwenda kichwani. Kazi ya heshima, ila huwezi kujikuna.

Tangu fundi alazwe, mgeni alikuwa mmoja tu, Mofini, dawa ya sindano. Siku ya kwanza alibisha hodi kwa adabu zote. Siku ya tano alikuwa bado mapajani, miguu kainyoosha, anauliza kama kuna mto.

"Shemeji, huondoki?"

"Niende wapi, na hapa pana joto?"

Mama Kengele akavuta kamba mpaka viganja vikaota sugu. Na kila aliyevuta sana alitembelewa na Mpiga Mihuri, mzee mwembamba aliyepita chini ya ukuta akibandika mihuri kwenye mikia. Mihuri ikishatosha, huja Bibi Mzito, akaukalia mkia, na kamba haivutiki tena. Kisha ukuta unabonyea, unageuka mfuko, na wewe umo ndani yake, mzima mzima.

Jirani wa dirisha la kushoto alichukuliwa hivyo juzi. Hakurudi. Walisikia tu kinu kikisaga.

Kwa hiyo Mama Kengele alifanya kama walivyoanza kufanya wote pale ukutani tangu juzi: aliukunja mkia akaupiga fundo, mihuri ikose pa kukaa. Akaufunga vivyo hivyo mkia wa bintiye wa dirisha la kulia, aliyetoka kiwandani mwa seli asubuhi ile ile, bado ananukia upya.

"Mama, inabana."

"Ibane. Kinu kinabana zaidi."

Mpiga Mihuri alipofika, alilitazama fundo, akaguna, akabandika mihuri juu ya fundo. Miwili, mitatu, minne, kama barua ya kwenda mbali.

"Mzee wangu, una roho gani wewe?"

"Mimi nabandika tu, mama. Anayefanya kazi nambandika. Mvivu simgusi."

Nyuma yake akaja Bibi Mzito, akaketi puu. "Pumzika, mwanangu."

"Nipumzike leo? Leo fundi anasimamishwa! Mwanawe ameshaleta magongo! Nisipokuwepo atapiga yowe, atarudi kitandani, na hatashuka tena."

"Siku tano unavuta. Hebu sikiliza unachovuta."

Mama Kengele akasikiliza. Kamba ilikuwa imelegea kama utumbo. Makarani walikuwa wameshapandisha mapazia na wanapiga soga. Kabla hajajibu, ukuta ukabonyea.

"Mama!" binti akalia, na mfuko ukafunga mdomo.

Ndani ya mfuko kulikuwa kuchachu kama ndani ya chupa ya siki. Mbele palikuwa na milango miwili, mmoja wa kinuni, mwingine wa ukutani, na katikati ameketi karani mwingine, aliyefumba macho, kwa kuwa kazi yake ilikuwa ya vidole.

"Mkia," alisema. Akapapasa. "Hili fundo. Fundo halina shanga. Kinuni."

"Shanga gani?"

"Kila mmoja ana shanga zake nchani mwa mkia, ndizo zinazosema aende wapi. Jirani yako zake zilikuwa za kinuni, hakuna aliyemwonea. Zako sizijui. Umezificha."

"Nimefunga ili nisifike hapa!"

"Na umefika."

Mama Kengele akautazama mkia wake. "Nitafunguaje, nimebeba mgeni?"

"Mwache."

"Nimwache vipi? Mgeni wa watu!"

Uchachu ukazidi. Mofini akapiga chafya. "Shemeji, mbona panawasha?" Akaanza kuteleza, na Mama Kengele, kwa adabu za siku tano, akamkumbatia asianguke. Karani akaanza kufungua mlango wa kinu. Hapo Mama Kengele akamkumbuka binti, peke yake dirishani, na fundo alilomfunga kwa mikono yake mwenyewe.

"Shemeji," alisema, "kwaheri."

Akaachia mikono. Mofini akaelea zake, bado anaulizia mto.

Fundo lilikuwa gumu. Alilifungua kwa kucha na kwa meno. Karani akaibandua mihuri mmoja mmoja, kisha akapapasa ncha ya mkia, shanga baada ya shanga.

"Hee! Hizi ni za kurudi."

"Tangu lini?"

"Tangu kiwandani."

Mfuko ulipogusa ukuta na kufunguka, Mama Kengele akajikuta dirishani pake, masikio mapya, kamba imekaza. Sauti ya fundi ilikuwa ikitetemesha mifupa yote.

"Niacheni! Nitasimama kesho!"

"Baba, hata jana ulisema kesho."

Mwanawe na wauguzi wakamwinua. Maumivu yakapanda na viatu vyao. Na hapo mgeni mdogo, wa kutengenezwa humo humo mwilini mwa fundi, akagonga: "Hodi, sikai!"

Mama Kengele akavuta mara moja tu. Mapazia yote yakashuka.

Fundi akaguna, akayatukana magongo, sakafu, na aliyeisakafia. Lakini alikuwa amesimama. Akajitazama chini.

"Nani kakata suruali hii? Mguu mmoja mfupi!"

Mgeni mdogo akaaga, kama alivyosema. Mpiga Mihuri naye alikuwa anakaribia dirisha la binti, aliyekuwa amevuta sana tangu mama achukuliwe.

"Mwanangu, nipe mkia," Mama Kengele akasema.

"Mama, lakini anakuja!"

"Namwona. Nipe."

Akalifungua fundo polepole, akaukunjua mkia mpaka nchani, akazigusa shanga za bintiye moja moja. Zilikuwa kama zake.

"Mbandike taratibu, mzee wangu," alisema. "Ndiyo mara yake ya kwanza."