Joto Lisilopanda

Eunike aliweka kiganja nyuma ya sikio la Bahati, ng'ombe wake, akangoja, kisha akakihamishia kwenye paji la uso, kama afanyavyo mama kwa mtoto aliyelala vibaya. Baridi. Bahati aliendelea kutafuna vipande vya mgomba.

"Bado," alimwambia Ludovick, bwana mifugo kijana aliyeegesha pikipiki yake kando ya banda. "Nampima kila asubuhi. Hajapata joto hata mara moja."

Alikuwa amemwita kwa sababu Aminieli, shemeji yake, alikwishakata shauri: ng'ombe asiyeshika mimba anakula bure, Jumamosi apelekwe mnadani. Tangu kahawa ikose bei, nyumba ile ilikuwa ikitegemea maziwa ya Bahati, nayo yalikuwa yakikauka. Bila ndama mwingine yasingerudi.

Ludovick aliutazama mkono ule kwenye paji. Midomo ilimcheza kidogo.

"Kosa ni langu, mama. Joto nililokuambia uangalie si la mwili. Ni hamu ya dume."

Eunike aliondoa mkono. Aliona haya, lakini haya haikudumu. Aliuliza kama ng'ombe mwenye hamu hiyo hulia. Hulia sana, akajibiwa, hukataa majani, hutokwa na ute mwangavu. Basi Bahati alikuwa amelia, tena si mara moja. Yeye alidhani anamlilia ndama wake aliyekufa, akawa anakaa naye bandani kumpa pole.

"Ulimpa pole?"

"Na uji wa pumba."

Sasa alitaka kujua nani humwambia ng'ombe kuwa siku imefika. Ludovick aligusa kichwa cha Bahati. Humu, chini ya ubongo, alisema, kuna tezi ndogo kama harage. Hutuma homoni kwa njia ya damu hadi kwenye ovari ili yai likomae. Yai likikaribia kuiva, ovari nayo hurudisha habari juu. Hapo ndipo ng'ombe hatulii.

"Na hilo harage linajuaje?"

"Hata chuoni tuliuliza, mama. Tukaambiwa tukariri kwanza."

Alhamisi alfajiri Bahati alilia. Eunike aliona uzi wa ute ukining'inia chini ya mkia, akateremka hadi Usa River kumwita Ludovick, na jioni ile mbegu ya dume ikawekwa kwa mrija.

Jumamosi Aminieli alikuja na kamba. Eunike alimweleza yote: harage, damu, habari zinazokwenda na kurudi. Akaomba wiki tatu tu, muda ambao joto hurudi kama mbegu haikushika. Mimba ikishika, Bahati hatalia tena. Aminieli alisema shemeji yake amesomea udaktari bandani, lakini aliondoka na kamba yake bila ng'ombe.

Alirudi wiki ya tatu, asubuhi yenye ukungu uliomeza mlima Meru mzima. Alimkuta Eunike amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa. Alipofungua kinywa kusalimu, Eunike aliinua kidole kumnyamazisha. Aminieli akajikalia kwenye gogo, kamba mapajani, naye akatega sikio.

Bahati aliinua kichwa kutoka horini, akatanua pua. Wote wawili walizuia pumzi.