Neno la Munyiva Redioni

Simu ilipolia, Munyiva alikuwa ameshika kikombe cha chai, na chai hiyo hakuinywa tena. Aliyepiga alikuwa Peris, msaidizi wake anayepima mvua vilimani.

"Daktari, huku kunanyesha vibaya. Korongo limejaa."

Pale Mitaboni jua lilikuwa linachoma, wingu hakuna. Lakini ule mto mkavu unateremka kutoka vilima hivyo hivyo, na humo mchangani, saa ile, mama yake Syokau na kikundi chake cha mwethya, kazi ya ujima, walikuwa wakijenga bwawa. Na nani aliwaambia ni salama? Yeye. Jana, redioni: hakuna mvua mpaka Ijumaa. Alimaanisha hapa. Vilima hakuvitaja, ole wake.

Miaka mingi walimcheka, wa kwanza kwao kusomea hali ya hewa, eti binti wa kuchunga mawingu. Kisha ukame aliousema ukaja, na tangu hapo neno lake likawa kama la kanisani.

Simu ya mama haikushikwa. Akakimbia mtoni, viatu mkononi.

"Tokeni! Maji yanakuja!"

Wakatazama juu, wakacheka. Kwenye mwethya, jamani, hakuna anayeweka jembe chini kabla kiongozi hajapiga filimbi, na kiongozi ni Syokau.

"Maji gani? Si ulisema mwenyewe? Kilonzo hapa alibisha, nikamwambia mtoto wangu hakosei. Hebu shika karai."

"Mwaitu, mama, nilikosea."

"Hukosei wewe. Umechoka tu."

Munyiva aliogopa. Kubishana na Syokau ni kutwanga maji kinuni. Akafanya jambo ambalo mtoto aliyelelewa hafanyi: akaivuta filimbi shingoni mwa mama yake, uzi ukakatika, akapuliza kwa pumzi zake zote.

Mazoea yana taabu. Watu wakatupa majembe, wakapanda ukingoni, Syokau wa mwisho, akifoka kuhusu adabu. Hajamaliza kufoka mto ukaja, mwekundu, na magogo yake, ukabeba majembe, simiti na ukuta wote.

Syokau akaketi chini kwenye vumbi.

"Ningekufa nikikutetea," alimwambia binti yake.

Nyuma yao Kilonzo alikohoa.

"Na kesho, Daktari? Kesho turudi?"

Wote wakamgeukia Munyiva, wakingoja, wakimwamini vilevile. Hapo ndipo alipoogopa kweli.