Karatasi Aliyoisoma Maisara

Sahani ya halua ikipita, Maisara yuko dirishani. Kahawa ikimiminwa, yuko mlangoni, simu mkononi, anaangalia saa. Saa tisa u nusu. Saa kumi ofisi ya kazi hufunga, na leo ndiyo siku ya mwisho ya kupokea malalamiko yake.

"Kaa, mwanangu, wageni wamekuja kukuona wewe," akasema mamake, Mwanakuu.

Wageni tulijaa mikeka miwili. Wengine waliambiwa amerudi likizo. Mimi nao tumepakana ukuta, kwa hivyo nilijua zaidi. Miezi kumi na moja alifanya kazi za nyumba Arabuni, akaanguka jikoni, hospitali wakamwona ana sukari. Alipotoka, bibi mwenye nyumba akampa karatasi ya Kiarabu: soma. Akasoma. Tia sahihi. Akatia. Magharibi yake yuko uwanja wa ndege.

Na karatasi yasemaje? Kwamba ameacha kazi kwa hiari yake, na ugonjwa aliuficha tangu Mombasa.

Bibi yule alimrekodi akiisoma. Video anayo ajenti aliyempeleka, Riyadh wa mtaa wa Makadara, nami nimeiona. Kila herufi yatoka mahali pake, kama yuko mbele ya mwalimu wake. Anasoma kufukuzwa kwake kwa sauti tamu kabisa.

Chuoni tulifundishwa kusoma Kurani. Maana ni elimu nyingine, na wengi wetu tuliolewa kabla hatujaifikia. Huko Arabuni aliongeza maneno ya jikoni: leta, osha, haraka. Basi.

Ila mamake alishatangaza kwamba Kiarabu chamtiririka mwanawe. Akinambia mimi neno asubuhi, adhuhuri liko Makadara. Riyadh alipoulizwa kama Maisara alielewa alichosoma, akajibu: "Nendeni Mji wa Kale mkaulize. Mtaa mzima wajua yule ni Mwarabu mtupu."

Hodi ikapigwa. Aliingia Jacinta, dada kutoka bara anayetetea wafanyakazi, viatu kaviacha nje, na tuktuk yamngoja kichochoroni.

"Mama, nisameheni, sina muda. Nahitaji watu wawili watie sahihi kwamba Maisara haelewi Kiarabu."

Bi Fairuz, ambaye neno halimpiti, akauliza, "Haelewi vipi? Si ndiye aliyenisomea chupa yangu juma lililopita, akanambia ni mafuta ya nywele?"

"Nilibuni, Bi Fairuz," Maisara akasema. "Nisamehe."

"Nami najipaka kila siku. Basi ni ya nini?"

"Sijui."

Mmoja akacheka, akaona hakuna anayecheka naye, akainua kikombe chake. Nje tuktuk ikapiga honi. Maisara akaenda mlangoni, akarudi, akamtazama mamake. Mwanakuu alikuwa akikunja ncha ya leso na kuikunjua.

"Mama, wakati wenda."

"Nipe kalamu," Mwanakuu akasema. Kisha akatugeukia. "Hakuja likizo. Ana sukari, wamemfukuza. Alipimwa hapa kabla ya safari, alikuwa mzima. Na Kiarabu hajui. Mimi ndiye niliyesema anajua."

Akatia sahihi. Hakuna aliyempa pole, angetupiga.

"Wa pili?" Jacinta akauliza.

Watu waligundua mahamri ghafla. Nikasogea mimi.

"Fomu yauliza umejuaje kuwa haelewi," Jacinta akasema.

"Andika mimi ndiye niliyeeneza kuwa anaelewa."

"Niandike hivyo?"

"Andika. Na hapo Makadara waambie ni mimi, wananijua."

Honi tena, ndefu. Saa kumi kasorobo. Jacinta akamsukumia Maisara karatasi ya mwisho, malalamiko yenyewe, kwa Kiingereza. "Sahihi yako hapa, dada, twende."

Maisara akaishika kalamu. Midomo ikaanza kusoma polepole, neno baada ya neno, bila kukwama. Kisha akaiweka kalamu chini.

"Nieleze kwa Kiswahili."

"Nitakueleza kwenye tuktuk."

"Hapa."

"Dada Maisara, tutachelewa."

"Basi soma upesi. Lakini yote."

Jacinta akatutazama sisi, kama tungemsaidia. Mwanakuu akatoka nje kumshika yule dereva kwa maneno. Jacinta akavuta pumzi, akaanza: mimi, Maisara, mwenye akili timamu.

"Hilo nimekubali," Maisara akasema. "Endelea."