Majani Chini ya Mwavuli

Bwana shamba hakuwa mtu wa kuficha elimu yake. Wiki nzima alimchosha dada yake mkubwa, mwenye shamba la ngano, kwa kumwambia kwamba kumwagilia kwa kuhesabu siku ni kupiga ramli. Mmea wenyewe ndio uulizwe. Jani lililoshiba maji hutoa jasho na kubaki baridi. Lenye kiu hupanda joto. Ukilielekezea kipimajoto saa saba mchana, jibu unalo.

Ngano ilikuwa inachanua, na wiki hiyo zamu ya maji ya mfereji ilikuwa yao. Akikosea hapo, masuke yatatoka matupu.

Jumatatu alipima, majani baridi. "Dada, zamu hii mwachie jirani. Ngano yako haina kiu." Jumanne, baridi. Jumatano vilevile, naye akaanza kutunga kichwani hotuba atakayoitoa kwenye semina.

Alhamisi dada alimkuta katikati ya shamba kwa maringo yote, kipimajoto mkono mmoja, mwavuli mkono wa pili, maana upara wake hauvumilii jua. Dada aliinama, akayagusa majani yaliyokuwa chini ya mwavuli kwa mgongo wa mkono, kama anayempima mtoto homa. Akasogea hatua tatu, akagusa mengine.

"Haya ya kwako yamepoa," alisema. "Huku yanachoma."

Mtaalamu alitazama juu, akakiona kitambaa cheusi. Siku nne alikuwa anapima kivuli chake mwenyewe. Na vyeti viwili ukutani, vyote na fremu! Akatamani ardhi ipasuke immeze, nayo kwa ukavu ilikuwa imeshaanza kupasuka.

Alikimbia kwa jirani, akaueleza upumbavu wake bila kupunguza neno. Jirani alicheka mpaka akakaa chini, kisha akawarudishia maji.

Maji yalipoanza kuingia shambani, bwana shamba alisubiri kugombezwa. Alikuwa tayari, tena angefarijika. Dada aliendelea kuziba mianya ya kingo kwa jembe.

"Majani yamejikunja tangu Jumanne," alisema. "Niliyaona."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nini, mdogo wangu? Nilikuamini."

Aliyasema bila kejeli hata chembe, na hilo ndilo lililomuuma.