Meno Mapya ya Fundi Cherehani

Kila asubuhi, kabla ya kufungua mlango wa kliniki ya meno, karani huketi na rundo la fomu na kuweka alama ya vema kwenye "Hapana" mpaka chini. Una mzio wa dawa? Hapana. Wa metali? Hapana. Wagonjwa wakiulizwa mmoja mmoja huanza habari za shangazi zao, na foleni haisogei. Karani si mtu mbaya. Ana haraka tu.

Fundi cherehani alitia sahihi fomu yake akiwa ameshachomwa sindano ya ganzi. Laiti angeulizwa, angesema hereni za bei rahisi humsababishia vipele tangu usichana. Hakuulizwa. Aliwekewa meno matatu ya bandia ya mbele, yaliyoshikwa na metali kwa ndani, akarudi kazini, maana fundi asiye na meno ya mbele atakatia uzi nini?

Siku ya tatu fizi zilivimba na ulimi ukatoka malengelenge. Siku ya tisa uzi ukaungua alipoung'ata. Siku ya kumi na mbili alijaza maji mdomoni apoze moto, nayo yakachemka. Mumewe akaleta yai, akalitia humo mdomoni, akatazama saa, likaiva vizuri.

"Mke wangu, angalau gesi tutaokoa," alisema. Alitania kwa sababu jana yake yeye mwenyewe alikuwa amelia, na kulia hakukusaidia.

Fundi hakucheka. Chakula kiliungua kabla hajakimeza, na gauni lake alikuwa amelipunguza mara mbili. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Alirudi kliniki akilia, machozi yakikauka kabla ya kufika kidevuni.

"Daktari, nakuomba, yatoe. Nakufa."

Daktari alimmulika kwa tochi, akamwekea kipimajoto, kikapasuka. Akafungua faili. "Mama, hapa umesema huna mzio. Umesaini mwenyewe. Nikiyatoa nitaandika nini?"

"Andika yananiunguza."

"Hilo halina kisanduku," alisema karani.

Mashine ya kuchemshia vyombo ilikuwa mbovu kwa wiki ya pili. Daktari alikuwa na koleo mkononi, na mdomo ulikuwa wazi, basi akaliweka humo. Baada ya dakika ishirini likatoka safi kabisa. Karani akamletea fundi kiti chenye mto, maana kumsimamisha muda wote huo si utu.

"Vumilia kidogo, mama," daktari akasema. "Mashine ikitengenezwa tutaliangalia suala lako."

Mfa maji haachi kutapatapa. Fundi alikubali. Mashine haijatengenezwa, na cherehani yake imefunikwa shuka nyumbani. Huja saa mbili, huondoka kliniki ikifungwa. Vyombo havijawahi kuwa safi kiasi hiki.

Juzi msichana aliyekuja kuwekewa meno alimwinamia.

"Shikamoo, mama. Eti, haya meno yao yanauma?"

Fundi alikuwa na koleo na vioo viwili mdomoni. Alitikisa kichwa kuitikia, akakitikisa tena kwa nguvu, mvuke ukamtoka puani. Akamkamata msichana mkono, akaung'ang'ania.

"Anakukaribisha," alisema karani, akivibandua vidole vya fundi kimoja kimoja kwa upole.

Msichana akamshukuru fundi, akaingia ndani, akalala kwenye kiti, akafungua mdomo.