Bibi Asiyekauka

Kila Jumatatu saa tatu asubuhi mmisionari alijaza maji kwenye tangi la saruji nyuma ya zahanati, akakunja suruali hadi magotini, akapima kina kwa mpini wa fagio. Utaratibu wa misheni ulikuwa mfupi: zahanati hutibu waliomo kwenye daftari la ubatizo, na asiyekuwemo huombewa. Hakuutunga yeye. Aliukuta, akaulinda miaka sita bila kinyongo, kwani alikuwa mtu mpole, wa kuamka alfajiri, kusali, na kuandika somo moja la kiroho kwenye kijitabu chake kabla ya chai.

Jumatatu moja fundi cherehani wa mtaa wa nyuma alimleta mama yake, anayeumwa kifua. Bibi alikuwa na akili zake timamu. Alipoulizwa kama anaamini, alijibu, "Mwanangu, mimi naumwa. Mambo ya kuamini tutaongea nikipona." Wakacheka wote, naye akacheka mpaka akakohoa. Kisha akazamishwa, akaandikwa jina, akapigwa sindano.

Hakukauka.

Jioni nywele zilikuwa bado zinachuruzika. Fundi, binti yake, akambadilisha nguo mara nne, zikalowa zote. Siku ya tatu godoro likaanza kuoza upande mmoja. Majirani walileta mabeseni na hawakuuliza mengi. Kila mtu ana ugonjwa wake. "Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge," mmoja akamtania. "Mimi nilivuliwa," bibi akajibu, meno yakigongana.

Tabibu wa zahanati alisikiliza kifua, akakung'uta maji kwenye kipimo chake, akasema dawa ni nzuri, ila hakuna kifua kinachopona kikiwa kimelowa. Akaushwe kwanza.

Fundi akaenda ofisini. "Mtumishi, mfute mama daftarini."

Mmisionari akachukua rula, akalipiga jina mstari mmoja ulionyooka. Kule nyumbani bibi akakauka papo hapo, nguo zikakakamaa kama zimepigwa pasi, akapata usingizi wake wa kwanza wa wiki nzima. Kesho yake alipopelekwa kupigwa sindano, tabibu akafungua daftari. "Huyu amefutwa," akasema. "Si wetu."

Basi ikawa ndiyo hivyo. Akiandikwa, analowa na kutibiwa. Akifutwa, anakauka na kukataliwa. Aliandikwa na kufutwa mara tano, mpaka ukurasa ukatoboka. "Amueni moja," bibi akasema. "Mnaniwasha na kunizima kama taa ya chooni!"

Fundi alikuwa amekonda. "Mtumishi, uchungu umenikaba," alisema. "Usimwandike, usimfute. Mtibuni tu. Ufunguo wa zahanati si unao wewe?"

Alikuwa nao, umening'inia shingoni. Aliona aibu, aibu ya kweli, masikio yakamwaka. Alikuwa anampenda yule bibi. "Dada yangu," akasema, "nikimfungulia mmoja, kesho nitamwambia nini mwingine?"

"Mwambie aingie."

Mmisionari akasema ataliombea jambo hilo. Aliliombea siku mbili, magoti yakachubuka, na kijitabuni akaandika: Somo la leo ni kusubiri.

Siku ya tatu bibi aliketi kwenye benchi nje ya mlango wa zahanati, amefutwa, mkavu kabisa, pumzi zikimkatika. Fundi alikimbia ofisini. "Mwandike! Mwandike sasa hivi, nakuomba!" Mmisionari akapapasa kalamu, akaandika jina lote, la kwake, la baba yake na la ukoo. Waliporudi mbio, bibi alikuwa ameshakata roho, na maji yalikuwa yanamtoka kwa wingi, yakipita chini ya benchi hadi kizingitini. Tabibu alichungulia daftari. "Sasa yumo," akasema, akaufungua mlango wote.

Walimzika akiwa amelowa. Jeneza lilivuja njia nzima, na wabebaji wakabadilishana mabega ili kila mmoja alowe kidogo. Mmisionari alihubiri vizuri, akalia kwelikweli. Fundi hakulia pale. Alilia nyumbani, alipokuwa akilitoa nje lile godoro ambalo yeye na mama yake walilalia pamoja.

Wiki iliyofuata watu kumi na mmoja walipanga foleni ya ubatizo. Habari walikuwa nazo. Kila mmoja alikuja na taulo lake. Wa saba alikuwa fundi cherehani, mkono kifuani, akikohoa kikohozi kizito.

"Karibu, dada," mmisionari akamwambia.

Fundi akavua viatu.